Mbona Sasa Anaimba Kama Mzimu? Barua Zenu Kuhusu Waimbaji Waliogeuka

Mwezi uliopita niliandika vimistari vitatu tu kuhusu White Chalk, ile albamu ya PJ Harvey ya 2007, nikasema kwamba mpaka leo ukiitaja mbele ya mashabiki wake wawili lazima mmoja anune. Nikadhani yameisha. Kumbe nimechokoza nyuki, barua zimeingia mpaka mhariri akaniuliza safari hii nimemtukana nani.

Kwa ambaye hakusoma: Polly Jean Harvey ni mwimbaji wa Uingereza, kazaliwa 1969, aliibuka mwanzoni mwa miaka ya tisini na gitaa la umeme na sauti nzito ya kukwaruza ambayo ukiisikia unajua huyu hataki mchezo. Afu 2007 akaweka gitaa pembeni, akakaa kwenye piano, na akaanza kuimba kwa sauti nyembamba ya juu kabisa, kama katoto kamefungiwa chumbani kanajiimbia ili kasiogope. Nyimbo 11, dakika 34 hivi, kwisha. Kwenye jalada kakaa wima na gauni jeupe la kizamani, nyuma yake giza tupu, mikono mapajani, anakutazama tu.

Nimechagua barua saba. Zingine zilikuwa matusi, nayo nimeyasoma.

"Kaka, mi nimeanza naye tangu Dry ya 1992, nikaja Rid of Me, To Bring You My Love naijua yote kwa kichwa. White Chalk nilinunua ilipotoka tu, nikaiweka huku naosha vyombo, nikafunga bomba nikidhani linavuja, kumbe ni yeye anavuta pumzi. Nyimbo nne nikazima. Sasa nauliza, kwa nini msanii anavunja kitu ambacho kilikuwa kizima? Sisi tuliomfikisha pale hatuhesabiwi?" – Shabiki wa Siku Nyingi

Pole ndugu yangu, na hiyo ya bomba nimeicheka mpaka basi maana ni kweli tupu, pumzi zake kwenye ile albamu zinasikika kuliko besi za watu wengine.

Lakini ngoja tukumbushane kitu. Huyu mama hajawahi kukaa sehemu moja. Rid of Me ya 1993 alirekodi na prodyuza Steve Albini, watu watatu tu kwenye bendi, wimbo unaanza kwa kunong'ona unaongeza sauti ili umsikie halafu unakulipukia usoni. 1995 akaja na To Bring You My Love, kinanda kinaunguruma chini, blues ya kishetani shetani hivi, na wewe mwenyewe unasema unaijua kwa kichwa, sasa mbona ile hukuita kuvunja? 1998 akaingiza mashine za elektroniki kwenye Is This Desire?, 2000 akatoa Stories from the City, Stories from the Sea iliyong'arishwa mpaka ikampa Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka Uingereza, mwaka uliofuata. Kila mara kabadilika na kila mara mlimfuata. Mwenyewe keshasema zaidi ya mara moja kwamba akianza albamu mpya jambo analolikwepa kuliko yote ni kujirudia.

Kwa hiyo swali langu kwako linakuwa hivi: kwa nini hii moja ndo imekukaba?

Mi nadhani najua, na nimelifikiria hili wiki nzima. Huko nyuma kote alikuwa anabadilisha nguo. Gitaa, kinanda, mashine, prodyuza, hizo zote ni nguo, na ndani ya nguo ulikuwa unamkuta yeye yule yule, ile sauti ya kifuani. 2007 kabadilisha sauti yenyewe. Na sisi wasikilizaji, tukisema "namjua msanii fulani", tunachomaanisha hasa ni sauti yake, si ndiyo? Hatujawahi kukaa naye hata siku moja. Sauti ndo uso wake kwetu. Sasa fikiria ndugu yako amerudi safari, umemfungulia mlango, anaongea kwa sauti ya mtu mwingine. Utamkaribisha ndani moja kwa moja? Utasimama pale mlangoni kwanza.

Ndo maana nasema hasira yako sio ya kijinga kama wanavyoifanya wachambuzi. Ila pia sio ushahidi kwamba albamu ni mbaya. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Robert Zajonc, mwaka 1968 alichapisha utafiti wake kuonyesha kwamba mtu akikutana na kitu mara nyingi anaanza kukipenda kwa sababu tu amekizoea, hata kama kitu chenyewe hakina maana yoyote kwake, hata kama ni neno la lugha asiyoijua. Sasa wewe To Bring You My Love umeisikiliza mara ngapi tangu 1995? Mia tano? Na White Chalk nyimbo nne, mara moja, huku unasugua sufuria. Hiyo mechi haikuwa ya haki.

Kuhusu kuhesabiwa, hapo nakuwa mkali kidogo. Manchester, tarehe 17 Mei 1966, mwimbaji wa Marekani Bob Dylan alipiga nusu ya kwanza peke yake na gitaa lake la kawaida kama watu walivyomzoea, nusu ya pili akaleta bendi na gitaa la umeme, na mtu mmoja gizani huko akamwita Yuda kwa sauti ukumbi mzima ukasikia. Yuda! Kwa sababu ya waya wa umeme. Dylan akajibu kwamba hamwamini, akawageukia wenzake akawaambia wapige kwa nguvu zaidi. Yule jamaa alikuwa shabiki wa siku nyingi kama wewe, na kwa hesabu zake alikuwa ameibiwa. Lakini angalia: mle ndani Dylan aliendelea kuwa na pua ile ile ya kuimbia, sauti haikwenda popote, na watu wengi walizoea haraka tu. Wako wewe mtihani wake ni mgumu zaidi ya ule wa Manchester, hilo nakupa.

"Habari za kazi. Mi sio mtaalamu, naomba unieleze kwa lugha ya kawaida, ni nini hasa kinafanya muziki usikike wa kutisha hivyo? Maana hakuna makelele, hakuna chochote, lakini malaika yananisimama mwili mzima." – Mwenye Masikio Tu

Nzuri sana dada, au kaka, hukusema. Hili swali ningelijibu kurasa kumi wangeniachia.

Anza na koo. Ukiongea kawaida au ukiimba kwa nguvu chini chini, nyuzi za sauti zako zinakuwa nene na zinagongana vizuri, ndo unapata sauti yenye mwili, watu wa muziki wanaiita sauti ya kifua. Ukipanda juu sana nyuzi zinavutwa zinakuwa nyembamba, zinagusana kwa kingo tu, hewa inapita, na sauti inakuwa tupu tupu kama filimbi, hiyo ndo ya kichwani. Waimbaji waliosomea wanajifunza kuficha mpaka kati ya hizo mbili. Harvey kwenye White Chalk hafichi, anapanda kule juu na anabaki kule, na mara nyingi pumzi inakaribia kumwishia na unasikia. Sikio lako halijui huyu ni mtoto au ni ajuza. Ubongo unataka kumpanga mtu umri, unashindwa. Hapo ndo malaika ya mwili yanaanza kusimama.

Afu piano. Noti nyingi za piano hazina uzi mmoja, zina nyuzi tatu zilizokazwa sawasawa ili zilie kama moja. Piano ikikaa muda bila fundi zile tatu zinaachana kidogo tu, na noti moja inaanza kutetemeka yenyewe, inakuwa kama ina kivuli chake pembeni. Ukisikiliza piano za White Chalk utaikuta ile hali, sauti ya piano iliyokaa nyumbani mwa mtu, sio ile ya ukumbini. Na mpigaji sio mpiga piano! Vinanda alishavigusa huko nyuma kwenye albamu zake lakini hakuwahi kuwa mtu wa piano, na alieleza kwamba kushika chombo usichokijua kunakufungulia mawazo. Matokeo yake vidole vinarudia kitu kile kile, noti tatu nne, zinazunguka. Mpiga piano wa kweli angechoka akaongeza mapambo. Yeye hana mapambo ya kuongeza, kwa hiyo lile duara linazunguka tu na wewe unasubiri liende mahali na haliendi.

Chukua When Under Ether. Ndo walioitoa kama singo, ujasiri gani huo sijui. Mwanamke kalala kitandani, dawa ya usingizi imeanza kumshika, anatazama dari, kuna mtu amemshika mkono, na ndani yake kuna kitu ambacho hakitazaliwa. Hajalia. Hapandishi sauti. Piano inazunguka, yeye anasimulia kama anaelezea hali ya hewa. Wimbo huo huo ungeupigia violini na dramu ungekuwa wa kusikitisha, watu wangetoa leso wakafuta macho wakaendelea na maisha. Hivi ulivyo hakuna anayekuambia ulie wapi.

Na kitu cha mwisho, umbali. Maikrofoni iko karibu na mdomo mpaka unasikia mate, lakini mwangwi ni wa chumba kikubwa kitupu. Yaani yupo sikioni kwako na wakati huo huo yupo mwisho wa korido. Flood na John Parish waliotengeneza naye hiyo albamu walijua wanachofanya, hao sio watoto. Hamna mtu mwenye mwili anayeweza kuwa sehemu mbili kwa pamoja, sasa anayebaki ni nani? Ndo hapo watu wanaita mzimu, na wala hawajakosea.

"Mhariri wa muziki, usikasirike. Nyie wachambuzi mnaogopana. Msanii mkubwa akitoa kitu kisichoeleweka mnakisifia ili msionekane washamba. White Chalk mliipa nyota kibao, sisi tuliolipa hela ndo tuliona ukweli. Kweli si kweli?" – Mlipaji

Nusu kweli, na sijakasirika.

Wachambuzi wengi waliisifu, hilo ni kweli, na wachache wakasema ni baridi, ni nyembamba, inachosha, nyimbo zote rangi moja. Ila sikiliza jinsi kazi hii inavyokwenda, nakutolea siri za jikoni: mchambuzi anapata albamu kabla haijatoka, anaisikiliza mara mbili tatu, ana mhariri anamdai maneno mia nne kesho asubuhi. Yeye kulipwa kwake ni kusikia kitu tofauti, kwa sababu wiki hiyo hiyo amesikiliza albamu saba za kufanana. Ikija moja inayomshtua anafurahi kama mtu aliyefungua dirisha. Wewe hujachoka na muziki, wewe unamtaka mtu wako. Kwa hiyo albamu ya namna hii mchambuzi anaipokea kwa mapengo yake na wewe unaipokea kwa yako, hakuna aliyedanganya hapo. Washamba wapo pande zote mbili, hilo nalo nakubali, na neno "ujasiri" tunalitumia ovyo mno. Mimi nimelitumia hapo juu sasa hivi.

Lakini hata walio ndani kabisa wanashindwa kusikia mara ya kwanza. Kisa ninachokipenda ni cha Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani. Februari 1958 aliingia studio New York kurekodi Lady in Satin, nyuma yake okestra kubwa ya nyuzi iliyopangwa na Ray Ellis. Sauti yake ilikuwa imekwisha, pombe na dawa za kulevya vilikuwa vimeila, ile ya wepesi ya miaka ya thelathini hamna tena, imebaki mikwaruzo na noti anazozigusa kwa ncha. Ellis, aliyekuwa amesimama pale pale anaongoza, hakuridhika kabisa. Alikuja kusema baadaye kwamba alikuwa anasikiliza muziki, hakuwa anasikiliza hisia, na mpaka aliposikia mchanganyo wa mwisho wiki kadhaa baadaye ndo akajua alichokuwa nacho mbele yake. Mtu alikuwa mita chache kutoka kwake jamani! Julai 1959 Billie akafariki, ana miaka 44. Na mpaka kesho wapenzi wa jazi wamegawanyika, kuna wanaosema ndo kazi yake kubwa na kuna wanaosema hawawezi kuisikiliza, ni kama kumchungulia mgonjwa. Mi nawaelewa hao wa pili. Albamu nzima naisikiliza labda mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo Mlipaji, ukisema uliona ukweli siku ya kwanza kwa sababu ulilipa, mi nasema risiti haijawahi kumfundisha mtu kusikia. Usiku mwema.

"Hivi kampuni ya kurekodi haiwezi kumkatalia msanii akija na mambo kama hayo? Au kumshtaki?" – Mwanafunzi wa Sheria

Inaweza bwana, na ilishatokea. Neil Young, mwimbaji wa Kanada, alikuwa na mkataba na Geffen Records, 1982 akawapelekea Trans ambayo nyimbo nyingi sauti yake imepitishwa kwenye kifaa kinaitwa vokoda, inatoka kama roboti anayezama majini, mwaka uliofuata akawapa rokenroli ya enzi za mabibi. 1983 kampuni ikamfungulia kesi ikidai zaidi ya dola milioni 3, hoja ikiwa, na hapa we mwanafunzi andika, kwamba anatengeneza rekodi zisizomfanana Neil Young. Neil Young anashtakiwa kwa kutokuwa Neil Young. Waliishia kupatana na David Geffen mwenyewe akaomba radhi.

Kinachoniuma kwenye hiyo Trans ni sababu. Ana mtoto wa kiume aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, hawezi kuongea, na baba alisema baadaye kwamba zile sauti zisizoshikika ni kuhusu kujaribu kuwasiliana na mtoto ambaye hamwelewi na yeye hamwelewi. Wasikilizaji walikuwa wanatupa rekodi ukutani kwa sababu hawasikii maneno. Kumbe hiyo ndo ilikuwa habari yenyewe. Hakuwaambia wakati ule, na sijui kama angewaambia ingesaidia.

Upande mwingine kuna mwimbaji wa Marekani Bruce Springsteen, Januari 1982 alirekodi peke yake nyumbani kwenye mashine ya kaseti ya njia nne, ilikuwa mfano tu wa kuwaonyesha wanabendi, kaseti akatembea nayo mfukoni bila hata kasha. Bendi ikajaribu, ikawa nzuri kupita kiasi, kile kijibaridi kikapotea. Ikabidi watoe kaseti ile ile, ndo Nebraska. Kampuni yake haikumpeleka popote. Inategemea na umekaa na nani mezani.

"Kuna wasiochagua. Sauti inazeeka, inaugua. Hao nao wamebadili staili au wamebadilishwa?" – Mama wa Kwaya

Shikamoo mama. Umegusa penyewe.

Mwimbaji wa Uingereza Marianne Faithfull 1964 alikuwa na sauti ya msichana wa shule, safi kama maji. Akaingia kwenye heroini, sigara, maradhi ya koo, miaka mingine hana hata pa kulala, na 1979 akarudi na Broken English na sauti imepasuka katikati. Koo hakulichagua. Ila nyimbo alichagua! Angeweza kutafuta nyimbo laini za kuficha nyufa, prodyuza angemwekea waitikiaji wa kumfunika, tumeona wengi wakifunikwa. Yeye akachukua nyimbo za hasira ambazo ile sauti ya 1964 isingeziweza hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo jibu langu ni yote mawili mama, mwili ulimbadilisha halafu yeye akaamua kukaa ndani ya mabadiliko badala ya kuyakimbia.

Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, vile vile. Mwaka 2000 alirudia kwenye okestra wimbo wake mwenyewe, Both Sides Now, aliokuwa ameurekodi 1969 akiwa na miaka ya ishirini na kitu. Sauti imeshuka chini kabisa kwa miaka na sigara. Ukiweka matoleo mawili moja baada ya lingine, la kwanza ni binti anasema ameyaona maisha pande zote mbili na unatabasamu, unamwambia sawa mwanangu. La pili hutabasamu. Maneno ni yale yale.

Na hapa wasikilizaji hawakulalamika sana, umeona? Mtu akivunjika tunamhurumia, akijivunja mwenyewe kwa makusudi kama Harvey tunakasirika. Alikuwa nayo ile sauti nzito, ipo, nzima, na hataki kuitumia. Nadhani hicho ndo kinamuuma ndugu yetu wa barua ya kwanza.

"Je alirudia gitaa?" – Mfupi

Alirudi na vyombo vingine, 2011 kwenye Let England Shake akawa na otoharpu, kile kinubi kidogo cha kukumbatia kifuani, na ile sauti ya juu hakuiacha, aliipeleka vitani, albamu nzima ni vita na maiti na bendera. Akachukua Mercury tena, mtu wa kwanza kuichukua mara mbili. Ya kwanza alitangazwa tarehe 11 Septemba 2001, siku ile ile, na yeye alikuwa Washington anaiona kutoka hotelini Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, inafuka moshi. Kuna waliokuwa wameinunia White Chalk na wakaikubali hii, na mi nabaki kuamini kwamba bila yeye kwenda kule chumbani peke yake mwaka 2007, hii ya 2011 isingekuwepo.

"Mimi naipenda sana hiyo albamu ila naisikiliza usiku na mwenzangu ananiambia nizime huyo mama anayelia, inamtia hofu, hapati usingizi. Nifanyeje ndoa isivunjike?" – Wa Usiku

Umenichekesha, lakini mwenzako ana hoja, heshimu.

Kwanza usimwekee usiku. Mwekee Jumapili mchana, madirisha wazi, na usianze mwanzo, maana The Devil inamshika mtu shingo kabla hajakaa vizuri. Anza na wimbo wenyewe wa White Chalk, una gitaa na harmonika, unahusu vilima vya chaki vya Dorset kule alikokulia, ndo mlango mpana kuliko yote. Usimweleze kitu. Usimwambie "subiri hapa, sikiliza hapa", hakuna kinachoua wimbo haraka kama hicho. Akiuliza nani huyo, mwambie ni yule yule wa Rid of Me, halafu umwangalie usoni.

Na ukifika The Mountain, ule wa mwisho, zima kabla haujaisha. Kule mwishoni anapiga ukelele mmoja wa juu sana, sio wa kuimba, na hauna onyo. Miaka yote hii mimi mwenyewe mkono unakuwa tayari kwenye kitufe.